Mipini Mitatu ya Mninga

Reverien Nkunzimana alikuwa ameshakataa kazi mbili za bunduki kabla Daktari Longinus hajaingia karakanani kwake, mtaa wa Murubona mjini Kasulu, Jumamosi moja ya Januari ambayo ukungu ulikuwa haujaondoka hata saa nne. Kazi ya kwanza ililetwa na mwindaji wa Heru Juu aliyetaka kitako cha gobore. Ya pili ililetwa na mgambo. Wote wawili aliwaambia kwamba ana madawati ya shule ya kumaliza, na kweli madawati yalikuwepo, lakini sababu haikuwa hiyo. Alivuka mpaka kutoka Ruyigi, Burundi, mwaka wa tisini na tatu akiwa na miaka kumi na mitano, na baba yake alibaki upande ule, amelala kifudifudi katika shamba la mihogo. Useremala alifundishwa kambini Mtabila. Kambi ilipofungwa na wenzake wakapakiwa kwenye mabasi kurudi Burundi, yeye alibaki, kwa sababu alikuwa ameoa Muha wa Kasulu na ombi lake la uraia lilikuwa limekubaliwa.

Mke huyo ndiye aliyemfanya ashindwe kumkatalia daktari.

Theodosia alikuwa na rovu. Lilimwota shingoni polepole, kama lilivyowaota mama yake na bibi yake, na kwa miaka mingi alilifunika kwa kitambaa cha kichwa alichokishusha mpaka mabegani. Kisha likaanza kumbana. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Yeye ndiye aliyeanzisha, wengine wakafuata, na watu wa vigango vya mbali walisema wanaijua Misa ya Kasulu kwa sauti ile. Mwaka uliopita alianza kukatika pumzi katikati ya mstari. Wakaenda Kibondo, kwa kuwa huko kulikuwa na daktari wa upasuaji aliyesifika ukanda wote ule, Mhaya mmoja wa Muleba aliyekuja kwa miaka miwili akakaa ishirini. Huyo ndiye Longinus. Alimpima Theodosia, akamwambia imbe kidogo nisikie, akamsikiliza ameinamisha kichwa. Akasema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma kabisa ya tezi, mwembamba kama uzi, na kwamba yeye ameupita mara nyingi bila kuugusa. Akamwandikia upasuaji wa Machi.

Sasa mtu huyo alisimama mlangoni, mrefu, mvi zimemjaa, koti la baridi amelifunga mpaka juu, na kwapani kakumbatia kitabu chenye picha.

Alieleza shida yake taratibu. Tangu chuo kikuu alikuwa mlenga shabaha. Aliwahi kuiwakilisha nchi mara moja, akarudi bila medali, lakini mchezo haukumtoka. Alikuwa na bastola moja ya zamani, yenye kibali, na kila Jumapili ya pili alipewa ruhusa ya kuitumia kwenye machimbo ya mawe nje ya Kibondo, askari akiwa amesimama karibu. Bastola hiyo imechoka, alisema. Amebakiza miaka mitatu kustaafu, na anataka kujinunulia moja ya kweli kabla hajazeeka. Huko Ulaya kuna karakana ndogo ya mafundi sita. Hawatengenezi mpaka uagize, na hupokei mpaka uwe umewatumia mchoro wa kiganja chako na majibu ya maswali kurasa nane.

Akafungua kitabu juu ya meza ya randa. Reverien alitazama kwa kujilazimisha. Mtutu ungeweza kuwa mrefu au mfupi. Chini ya mtutu vingeweza kufungwa vyuma vya kuongeza uzito, kimoja, viwili au vitatu. Kifyatulio kingeweza kuwa kizito kidogo, au chepesi kiasi cha kuitikia kidole kabla mwenyewe hajajua kwamba amekikaza. Na mpini ulikuwa wa mbao, umechongwa mabonde ya vidole na kibao cha pembeni cha kulaza kiganja, mbao ya rangi ya asali iliyong'arishwa hata ikaonekana mbichi. Seremala yeyote angesimama kuitazama.

"Bunduki ya vita hutengenezwa ili imkae kila mtu," daktari alisema, kana kwamba ameona kinachomkera. "Hii humkaa mtu mmoja tu. Mwingine akiishika, inamkataa."

Alichotaka ni mipini mitatu ya majaribio, kila mmoja wa umbo tofauti, na kipande cha mti mbele mahali pa mtutu, ili apate kuchagua kwa mkono badala ya kuchagua kwa macho. Kosa la milimita tatu, alisema, litamfuata maisha yote yaliyobaki. Reverien alikubali. Alijiambia kwamba ni mti tu.

Akatandika karatasi, daktari akalaza mkono wa kulia, vidole vimeachana, na Reverien akaupitishia penseli pembeni, kidole baada ya kidole. Mchoro wa kwanza haukumpendeza. Mstari ulikuwa na mawimbi. Aliichonga penseli upya akarudia. Mchoro wa pili haukulingana na wa kwanza, na wa tatu haukulingana na yote miwili. Kwa miaka thelathini mstari wake haukuwahi kuyumba. Daktari alicheka, akasema baridi ya Kasulu inaingia mpaka kwenye mifupa, akaurudisha mkono mfukoni. Reverien akachukua wastani wa michoro mitatu na kuanza kazi.

Alichagua mninga uliokauka miaka minne darini. Alichonga kwa patasi, akalainisha kwa tupa, kisha kwa msasa, na ilipofika siku ya tano alishangaa kujikuta akiifurahia kazi. Kila alipopita, Theodosia aliiona mipini imepangwa dirishani, akapitisha kidole kwenye mabonde yake. Alisema inafanana na udongo laini ulioshikwa na mtu ukaachwa.

Baada ya wiki mbili daktari alirudi. Alisimama katikati ya karakana, miguu imeachana, mkono wa kushoto umeingizwa mfukoni, akaunyoosha wa kulia kuelekea tundu la msumari ukutani. Mpini wa kwanza aliushika muda mfupi tu. Wa pili aliushika kidogo zaidi. Reverien alikuwa pembeni yake, na aliona ncha ya mti ikizunguka, ikizunguka, kama nzi anayetafuta pa kutua. Mpini wa tatu ulikuwa mnene, na daktari aliomba afungiwe chuma chini yake. Wakafunga kipande kimoja. Akaomba cha pili, kisha cha tatu. Hapo ncha ikakaribia kutulia.

"Huu," alisema. "Uzito ndio dawa yake."

Akakaa kwenye kigoda kuandika majibu kwenye zile kurasa nane, na alipomaliza mstari mmoja akaweka kalamu chini kufikiri. Mkono ulibaki juu ya paja, umelegea, haufanyi kitu. Hapo ndipo Reverien alipouona sawasawa. Kidole gumba kilikuwa kikisuguana na cha shahada, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayeviringisha punje ya rozari, na mwenye mkono alikuwa anatazama dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na baridi yoyote.

Daktari alishusha macho, akauona mkono wake, akauona uso wa fundi. Akaukunja mkono kwapani. Wakaagana.

Ilibaki wiki tatu kabla ya upasuaji.

Reverien alimficha mkewe kwa siku nne, na siku ya tano akamwambia, wakiwa shambani wanang'oa maharage. Theodosia alimsikiliza bila kuacha kung'oa. Alimkumbusha kwamba wamengoja mwaka mzima. Wakikataa Kibondo itabidi waende Mwanza, na huko foleni yake haijulikani mwisho, na sasa akilala chali hawezi kupumua. Tena daktari huyu amewapasua nusu ya wanawake wa wilaya mbili na hakuna aliyelalamika.

"Labda mkono unatetemeka akishika mti," alisema, "akishika kisu unatulia. Wewe si daktari, Baba Herieth. Usimwaibishe mtu mzima."

"Na kama hautulii?"

Theodosia aling'oa shina jingine, akalikung'uta udongo. Kisha akasema, "Oya, hapana, sitaki kulijua hilo," akabeba mzigo wake wa maharage akatangulia nyumbani.

Jumapili iliyotangulia ile Jumanne ya upasuaji, Reverien alipanda gari la asubuhi kwenda Kibondo na mpini wa tatu kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa ameutia mafuta ili apate kisingizio. Njia nzima, kuanzia Makere, kupita njia panda ya kambi ya Nyarugusu ambako wanawake wa Kikongo walikuwa wakipanga ndizi na vitenge kando ya lami, alikuwa akitunga maneno na kuyaacha. Alimkuta daktari machimboni. Askari mmoja, kijana wa Kichaga aliyeitwa Nickson, alikuwa amekaa juu ya jiwe akichezea simu. Mita ishirini na tano mbele ilisimama karatasi yenye duara jeusi.

Daktari alimkaribisha, akaupokea mpini, akausifu, akauweka juu ya meza. Akasema amemaliza kurasa zote nane, kesho anazituma. Kisha akageuka akapiga risasi tano na bastola yake ya zamani. Mlio ulikuwa mdogo, mkavu. Hata hivyo Reverien alijikuta ameinama, magoti yamegusa ardhi, akasimama tena kwa haya huku akijikung'uta vumbi jekundu. Walikwenda pamoja kuitazama karatasi. Matundu yalikuwa matatu, yote pembezoni mwa duara. Risasi mbili hazikugusa hata karatasi.

"Unaona?" daktari alisema. "Imekwisha kabisa hii bastola."

"Dokta, bastola haina kosa."

Longinus hakugeuka. "Unajua nini kuhusu bastola, fundi?"

"Sijui kitu. Mbao naijua, na mkono unaoshika mbao naujua. Wako nimeuchora mara tatu na haukufanana mara hata moja. Unatetemeka ukiwa umepumzika."

Askari aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Daktari aliendelea kuitazama ile karatasi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya ofisini, ya mtu anayesoma jalada. Alisema Jumanne ni zamu ya Theodosia. Alisema akimfuta, mwingine wa kumpasua Kibondo hayupo, na rovu lile linakua kuelekea ndani, linabana koo, halitangoja. Akauliza kama Reverien amelifikiria hilo au amekuja kumfundisha kazi.

Reverien alijibu kwamba hajafikiria kingine kwa wiki tatu. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu Kasulu.

"Angekuwa mama watoto wako, ungempa mtu mwenye mkono huu?"

Daktari alikwenda akakaa kwenye jiwe. Bastola tupu aliilaza mapajani, na mkono wake wa kulia ukaanza ile kazi yake ya kuviringisha punje, na safari hii hakuuficha. Alisema ulianza mwezi wa kumi. Alisema tangu Novemba Sista Odilia, muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, amekuwa akimfungia nyuzi yeye mwenyewe, bila kuambiwa, bila kusema neno. Huusogeza mkono wa daktari pembeni kama mtu anayesogeza kikombe. Mpaka leo hajaumia mgonjwa hata mmoja, alisema, na akalirudia hilo mara mbili.

"Nilifikiri nikipata bastola iliyo bora kuliko zote, nikalenga nikapata, nitakuwa nimejibiwa," alisema. "Ndiyo maana nilitaka uzito. Ukiongeza uzito wa kutosha, kila mkono unatulia."

Baadaye akasema, "Nenda nyumbani, fundi."

Reverien alirudi Kasulu bila kujua amefanya nini. Jumatatu saa tatu asubuhi simu ililia. Daktari Longinus alimwambia kwa maneno machache kwamba ametoka kuzungumza na mkubwa wake, kwamba hatashika kisu tena, na kwamba barua ya Theodosia ya kwenda Mwanza iko tayari, waje waichukue. Hakumlaumu wala hakumshukuru. Theodosia alikuwa amefunga mkoba wa safari, nguo, kanga mbili, sabuni, kitabu cha nyimbo. Alipoelezwa, akaufungua, akarudisha kimoja kimoja mahali pake.

Mwanza waliambiwa wangoje. Aprili ilipita, na Mei, na Juni. Rovu lilikua. Theodosia akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na Reverien alisikia pumzi yake ikipita kwa kukwaruza, akahesabu majuma tangu ile Jumanne ya Machi. Kwaya aliiacha mwenyewe. Alisema hawezi kuwaanzishia watu mstari asioweza kuumaliza. Padri alipomuuliza Reverien kwa nini hawakupasuliwa Kibondo, alijibu kwamba daktari aliugua. Hakusema ni nani aliyemwambia daktari kwamba anaumwa.

Alipasuliwa Agosti. Daktari wa Mwanza, mwanamke wa makamo aitwaye Asmahani, aliwaita kabla na kuwaeleza bila kuzunguka: tezi imeshaumeza mshipa wa sauti upande mmoja, na kuuokoa itakuwa bahati. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza kama mawe mawili. Reverien aliitazama mikono hiyo muda wote alipokuwa akizungumza. Upasuaji ulichukua saa tano, na Theodosia alipozinduka alipumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Alifungua kinywa kuomba maji. Kilichotoka kilikuwa upepo tu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Wakasema wangoje miezi sita, pengine sauti itarudi.

Daktari Longinus alikuja Kasulu Oktoba, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza. Sasa aliwaona wagonjwa wa nje tu, na alikuwa amepungua. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka waziwazi na hakuhangaika kuuficha. Aliomba kumsalimia mama kwanza.

"Karibu, Dokta," Theodosia alinong'ona.

Daktari alifumba macho. Kisha akamwomba ruhusa, akalitazama kovu, akasema wamefanya kazi safi sana. Theodosia aliketi mbele yake, akajifunga kanga vizuri, akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mumewe. Iliwabidi wote wawili wainame kumsikia.

"Ungenipasua wewe mwezi wa tatu, ningekuwa naimba?"

Reverien alitamani daktari aongope. Longinus alilitazama tena kovu.

"Mwezi wa tatu mshipa ulikuwa bado unaonekana, mama," alisema. "Mkono mzima ungeupita. Wangu ndio huu." Akaunyoosha, auone. "Sijui. Ningekwambia ndiyo ningekuwa naongopa, na ningekwambia hapana pia."

Theodosia aliutazama ule mkono, kisha akaushika kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemshika ndege, mpaka ukatulia kidogo. Aliuachia, akaenda jikoni kuandaa chai.

Karakanani, daktari alitoa zile kurasa nane kutoka kwenye bahasha. Hakuwa amezituma. Majibu ya zamani yalikuwa yamekatwa kwa mstari na juu yake yameandikwa mengine, kwa herufi ndogo zilizopinda. Alikuwa ameachana na vile vyuma vya uzito. Alikuwa amechagua mtutu mfupi, kifyatulio kizito. Reverien alizipitia akafika palipoandikwa mkono upi.

"Wa kushoto," Longinus alisema. "Huu bado. Nimeupima kila siku. Upasuaji siwezi kuanza kujifunza kwa kushoto nikiwa na miaka hamsini na saba, lakini shabaha naweza. Nichoree."

Reverien alimuuliza kama anajua kwamba na huo utafuata. Alijibu kwamba yeye ndiye daktari. Labda miaka miwili, labda mmoja.

Wakatandika karatasi. Penseli ilizunguka kidole cha mwisho, ikapanda cha pete, ikashuka. Mstari ulitoka safi. Alichora mara ya pili kuhakikisha, michoro ikalingana, na wala hawakufurahi. Walitazama tu karatasi zile mbili zimelala pamoja. Alichonga mpini mmoja, daktari akaujaribu siku hiyo hiyo, fundi akapunguza upande wa gumba kwa tupa mpaka daktari akasema basi.

Bastola ilichukua mwaka na miezi kufika, pamoja na vibali vya wilaya na mkoa. Wakati huo daktari alikuwa ameshastaafu kwa ugonjwa na kurudi kwao Muleba. Alituma picha moja kwa simu: karatasi ya shabaha, matundu matano, mawili ndani ya jeusi, na matatu si mbali. Chini aliandika kwamba imemkaa vizuri. Reverien hakupata picha nyingine. Alipopiga simu baada ya Pasaka, mpwa wa daktari alipokea, akasema mzee anasalimia lakini simu haishikiki mkononi mwake.

Ile miezi sita ya Mwanza ilipita, na mwaka ukapita juu yake. Theodosia bado huenda Misa. Huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na wakati wa kuimba husimama pamoja na wengine, midomo imefungwa. Siku picha ile ilipofika Reverien alimwonyesha. Aliishika simu muda, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri, akairudisha. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Heru Juu, na mbao za watu zilikuwa nje. Reverien akatoka kuziingiza.